Mfungwa Aliyekataliwa Kutoka

Mimi ni mpishi. Pale sokoni Bwera watu wananijua kwa sombe yangu ya majani ya muhogo na kwa samaki wa Kasenyi, si kwa hadithi. Haya yalimpata shemeji yangu Siraj, mume wa mdogo wangu Shadiah, na mengi niliyaona mwenyewe, mchana, jua likiwa kali. Ndiyo maana hayaniachi. Ingekuwa usiku ningesema macho yalinidanganya.

Siraj alikuwa dereva wa Fuso. Alipeleka nyanya na vitunguu Kasese, akirudi alibeba saruji. Mtu wa mizaha. Harusini yeye ndiye aliyeshika maikrofoni, na angeweza kuiga sauti ya yeyote unayemjua, hata yangu, mpaka wanangu wakaitika. Kwa hiyo Ronnie wa Kasese, aliyesomea utengenezaji wa filamu Kampala, alipokuja Bwera kutafuta mtu wa kuigiza mfungwa, kila aliyemuuliza alimtajia jina hilo hilo.

Filamu ilitokana na kitabu. Kiliitwa Gereza la Mtu Mmoja, na mwandishi wake ni Mzee Stanislas, askari magereza mstaafu. Mimi sikukisoma. Nilikisikia kikisomwa redioni huku nikimenya ndizi. Kinaeleza habari za mkulima wa zamani za ukoloni, jina lake Mbusa, aliyekataa kubeba mawe ya barabara. Wakamfungia peke yake katika kijigereza cha mlimani. Ikanyesha mvua kubwa, mto ukafurika, askari wakakimbia na mlango wakauacha umefungwa. Akafia mle ndani, lakini hakujua kwamba amekufa. Akawa anagonga mlango, anagonga tu, miaka na miaka. Mwishowe mtoto wa mmoja wa wale askari anakuja, anafungua komeo na kumwambia, "Mbusa, toka. Nenda nyumbani." Anatoka. Kitabu kinaishia hapo, na mimi nililia juu ya ndizi zangu.

Kijigereza chenyewe kipo. Kiko juu ya Maliba, kati ya mashamba ya kahawa. Ni chumba kimoja cha mawe, mlango wa chuma, komeo kwa nje, na kitundu kidogo karibu na paa. Watu wa pale huanika kahawa yao mbele yake kwenye mikeka, lakini sikuona aliyeweka hata gunia ndani. Mzee Stanislas ndiye aliyempeleka Ronnie. Mimi nilichukuliwa kupikia watu wote wa filamu, na Shadiah akaja kunisaidia, kwa sababu alitaka kumwona mumewe akiwa nyota.

Kazi ilikwenda vizuri. Siraj aliigiza mpaka wanakijiji walioazimwa kuwa wafungwa wa kubeba mawe wakasahau kuwa ni mchezo. Akivua yale matambara tu, anarudi jikoni kunitania juu ya ugali wangu wa muhogo.

"Shemeji, hii bundu yako iko muzito. Mufungwa atabomoa ukuta!"

Siku ya mwisho ilibaki kupiga mwisho wa kitabu. Nilikuwa nikiosha sufuria nilipomsikia Ronnie akisema amebadilisha.

"Hatoki," alisema. "Mlango unabaki umefungwa. Anagonga, anagonga, kisha kimya. Watu watatoka ukumbini wakitetemeka."

Mzee Stanislas alikuwa ameketi kwenye jiwe. Alisimama polepole.

"Ronnie, mwanangu. Ule mwisho sikuutunga mimi."

"Mzee, filamu si kitabu."

"Nisikilize kwanza. Yule askari aliyekimbia mafuriko alikuwa baba yangu. Alipokuwa anakufa hakuomba padri, hakuomba maji. Alisema, 'Mbusa anagonga.' Akaniambia, 'Kamufungulie.' Nilikuja hapa, nikafungua, nikaona chumba kitupu. Kugonga hakukuisha, baba aliendelea kusikia mpaka alipokata roho. Basi nikaandika kitabu. Nikawaza, kila mutu akikisoma, Mbusa anafunguliwa tena. Siku moja atasikia."

Ronnie alimwekea mkono begani kwa heshima. Lakini alikuwa amekwisha amua.

"Ni hadithi, mzee. Tukimaliza tutafungua mlango, sote twende nyumbani."

"Ukimufungia wewe pia," Mzee Stanislas akasema kwa sauti ndogo, "nani atamufungulia?"

Alichukua kofia yake, akashuka mlima kwa miguu.

Siraj aliingia akicheka. Shadiah akamrushia busu. Ronnie mwenyewe akasukuma komeo. Kamera ilikuwa nje, imeelekezwa mlangoni. Evas, dada aliyeshughulikia sauti, aliweka kinasa sauti kidogo ndani na kuvaa vipokea sauti vya masikioni.

Siraj akaanza kugonga. Aligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. "Afande! Maji yanakuja, afande!" Nilijua ni shemeji yangu, na bado nilitaka kwenda kufungua.

Nikamwona Evas akigeuka. Aliangalia ukuta wa nyuma ya chumba. Akavua kile cha sikio moja, akakirudisha.

"Ramula," aliniita kwa mnong'ono. "Kuna mutu mwengine ndani?"

"Hapana."

"Wanagonga wawili."

Nikatega sikio. Mlangoni, ngumi za Siraj kwenye chuma. Na nyuma yake, taratibu, kama mtu aliyechoka siku nyingi, kiganja juu ya jiwe.

Kisha vyote vikanyamaza.

Ronnie aliacha kamera iendelee muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kata!" Watu wakapiga makofi. Akafungua komeo.

Siraj alikuwa amechuchumaa katikati ya chumba, mikono juu ya kichwa. Hakuinuka.

"Bwana Siraj, tumemaliza," Ronnie akasema. "Toka."

Ndipo alipoinuka. Akatoka ameinamisha kichwa, akifinya macho kama mtu ambaye hajaona jua. Shadiah alimkimbilia na kumkumbatia. Yeye alisimama wima, mikono imeshuka, akitetemeka.

"Ndiyo, afande," akamwambia mkewe.

Wote wakacheka. Shadiah hakucheka.

Alikataa kupanda Fuso yake. Aliizunguka kwa mbali kama mnyama, ikabidi mtu mwingine aendeshe. Tulipofika Bwera jioni, alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama tu. Shadiah akamwambia, "Ingia, baba." Akaingia. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mahali ambapo angeuona mlango.

Siku zilizofuata nilishinda kwao. Hakula mpaka aambiwe kula. Hakwenda haja mpaka aambiwe. Akisikia hatua za mtu mzima, anachuchumaa. Siraj ni mtoto wa wafanyabiashara Waislamu, Kilhukonzo, lugha ya watu wa mlimani, alikijua cha kununulia maharage tu. Huyu alizungumza Kilhukonzo cha wazee, maneno mengine hata mimi niliyezaliwa kati yao sikuyajua. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: ndiyo afande, hapana afande, iko tayari afande.

Mkono wake ulikuwa wa Siraj. Kovu la kidevuni lilikuwa la Siraj. Lakini aliyekuwa akituangalia kupitia yale macho alituogopa sisi sote.

Shehe wa msikiti wetu alikuja baada ya adhuhuri. Alimsomea, akamwekea mkono kichwani. Yule mtu alitulia kama kuku aliyeshikwa. Shehe alipomaliza alinivuta kando.

"Nimezoea majini," alisema. "Majini yanabisha. Huyu hana ubishi. Huyu ni mutu tu, mwenye shida."

Siku ile ile, Shadiah alipompelekea chai, yule mtu alimshika upindo wa nguo kwa vidole viwili. Akamwuliza kwa upole sana, kwa Kilhukonzo, nami nikamtafsiria mdogo wangu, aliyelelewa mjini:

"Mama, mvua imekwisha?"

Shadiah aliweka kikombe chini. Akatoka nje akalia bila sauti, amejishika ukuta. Alipoweza kusema, alisema, "Da Ramula, huyu si bwana yangu. Na mimi namuhurumia. Lakini kama huyu iko hapa, Siraj iko wapi?"

Jibu lilikuja kwa simu. Evas alipiga kutoka Kasese. Alikuwa akisikiliza yale yaliyonaswa ndani ya chumba. Kinasa, alisema, alikisahau mle, hakikuzimwa, na mtu alikichukua asubuhi yake. Sehemu aliyotaka tuisikie ilinaswa Siraj amekwisha toka, sisi sote tulikwisha shuka mlima. Kinasa kilikuwa peke yake.

"Weka karibu na sikio," akasema. "Samahani, dada yangu."

Mimi na Shadiah tulisikiliza, tumegusanisha vichwa. Kwanza upepo. Kisha kiganja juu ya jiwe. Kisha sauti ya Siraj, si ya kuigiza, ile ya nyumbani, ile anayoitumia akiwa na homa.

"Shadiah. Mbona mumeniacha? Shadiah, nifungulie."

Simu ilianguka. Yule mtu sakafuni akainua kichwa. Alikuwa ameisikia. Macho yakamjaa machozi, akatikisa kichwa kama anayeomba radhi.

Kesho yake tulikuwa Kasese. Ronnie hakuhitaji kushawishiwa, alikuwa amekonda. Alituambia kila akiifungua ile sehemu ya mwisho kwenye kompyuta, mlango unasukumwa kutoka ndani hata baada ya kugonga kuisha. Chuma kinavimba kidogo, kinarudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza tumfuate Mzee Stanislas. Tulimkuta anamwagilia mboga. Hakutuuliza kitu. Aliingia ndani, akatoka amevaa kaptula na shati la kaki, mavazi ya uaskari ya baba yake, yamekunjika kwa kukaa miaka mingi.

"Tupige ule mwisho wangu," akasema.

Ronnie alisema kamera si lazima.

"Ni lazima. Wewe ulimufungia mbele ya kamera. Mufungulie mbele yake."

Tulipanda Maliba karibu saa sita mchana, yule mtu na Evas wakiwa nasi. Kahawa ilikuwa imeanikwa mikekani. Kilele cha mlima kilikuwa ndani ya mawingu, lakini pale tulipokuwa jua lilichoma. Yule mtu alitembea vizuri mpaka alipouona ule mlango.

Alikaa chini. Alishika majani kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Alitoa mlio mdogo, kama wa mtoto wa mbuzi, na haukukoma.

Sote tulijua kinachotakiwa. Lazima aingie. Na lazima mtu amwamrishe, maana yeye hufuata amri. Ronnie aliangalia pembeni. Mzee Stanislas akaanza kufunga upya vifungo vya shati la kaki. Mimi nisingeweza hata mngenipa dunia.

Shadiah alikaa chini mbele yake. Alikuwa amebeba bundu na samaki ndani ya kitambaa. Akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge. Akamfuta mdomo. Kisha akasema, nami nikatafsiri, na hata leo sijui niliwezaje:

"Baba, walikudanganya. Mimi sitakudanganya. Tunaingia mimi na wewe. Tutatoka sisi wote."

Nikamwambia, "Shadiah, hapana."

Akaniangalia. "Hatakubali peke yake. Wewe ungekubali?"

Akamshika mkono. Wakaingia.

Mzee Stanislas akasukuma komeo.

Kilichotokea nje nitakisema mimi. Cha ndani nimekisikia kwa Shadiah, mara moja tu, na ameniomba nisimwulize tena.

Ndani mlikuwa na giza, alisema, giza zaidi ya chumba kile kinavyostahili. Kitundu cha juu hakikuonekana. Alikuwa amemshika yule mtu kwa mkono wa kulia. Kisha mtu mwingine akamshika mkono wa kushoto. Pumzi upande huu. Pumzi upande ule. Mikono yote miwili ilikuwa ya baridi, na yote miwili ilimng'ang'ania. Alijaribu kumtambua mumewe kwa vidole. Hakuweza. Alitaka kuita jina la Siraj, akaogopa kwamba wataitika wote wawili.

Nje, Mzee Stanislas alisimama mbele ya mlango. Kamera iliwaka taa yake nyekundu. Akafungua komeo, akauvuta mlango mpaka mwisho, akasimama pembeni, mkono kwenye paji la uso kama anayempigia saluti mkubwa.

"Mbusa," akasema. "Toka. Nenda nyumbani."

Mlangoni hakukutokea mtu.

"Baba yangu ameomba msamaha. Toka."

Shadiah anasema mkono mmoja ulilegea. Polepole, kidole kimoja kimoja. Na kabla ya kumwachia, ule mkono ukamgusa kichwani, jinsi mzee anavyombariki mtoto.

Sisi hatukuona mtu. Tuliona mkeka wa kwanza wa kahawa. Buni zilibonyea. Mahali pa mguu, kisha mahali pa mguu. Zikajitenga kwenye vidole. Kisha mkeka wa pili. Aliyekuwa akipita hakukimbia. Alitembea kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Baada ya mkeka wa mwisho ni majani, na majani yaliinama kuelekea vijiji vya chini.

Evas alikuwa amenishika mkono. Alama za kucha zake zilikaa siku kadhaa.

"Siraj," Mzee Stanislas akaita. "Na wewe, mwanangu. Toka."

Shadiah akatoka akimvuta mtu mwenye uso wa mume wake. Alimgeuzia juani. Akamtazama ndani ya macho, muda mrefu, na mimi nilikuwa nikimwomba Mungu.

"Mumekawia," Siraj akasema. "Nimeita mpaka koo imekauka." Kisha akaniona. "Shemeji, hata maji hukuleta?"

Shadiah alimpiga kofi, kisha akaanguka juu ya kifua chake.

Mambo yangeishia hapo. Siraj alirudi kwenye Fuso yake. Hapendi tena kufunga mlango wa choo, na mizaha yake imepungua, lakini ni yeye. Ronnie alimaliza filamu kwa mwisho wa kitabu, ule tulioupiga siku ile mlimani, na onyesho la kwanza akalileta Bwera, katika ukumbi wa video karibu na stendi, baada ya sala ya Ijumaa. Mapazia yalifungwa ili kupata giza. Siraj aliwaleta kwa lori watu wa Maliba walioigiza wafungwa, na pamoja nao akaja bibi mmoja, Yunia, mzee sana, aliyetaka tu kuwaona majirani zake kwenye filamu. Walimweka mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki.

Watu walicheka, wakaguna, wakanyamaza. Mwisho ukafika. Mzee Stanislas akavuta mlango. Nilijua kinachofuata: mlango mtupu, kahawa inabonyea, halafu mdogo wangu anatoka na mumewe.

Mlango haukuwa mtupu.

Alitoka mwanamume. Mwembamba, mweusi, ndevu ndefu, nguo imebaki vipande. Alisimama kizingitini akaangalia juu. Hakuwa Siraj. Hakuwa mtu yeyote tuliyempeleka mlimani. Ronnie, aliyekuwa nyuma karibu na mashine, alisema kwa sauti, "Huyo hakuwepo. Wallahi huyo hakuwepo," na Ronnie ni Mkristo.

Bibi Yunia alikuwa amesimama. Alifika mpaka kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, kivuli chake kikaangukia ile picha. Akainama kidogo, jinsi binti anavyoinama.

"Wasibire, tata," akasema.

Kwa Kilhukonzo ni salamu ya mchana. Mtu anamsalimu baba yake.

Yule kwenye kitambaa akageuza uso. Si kwetu. Kwake. Kisha akapita pembeni mwa picha, akatoweka, na Shadiah na Siraj wakatokea mlangoni.

Mzee Stanislas alikuwa amekaa karibu nami. Alifunika uso. "Baba hakusema kama Mbusa alikuwa na mutoto," alirudia. "Hakusema."

Asubuhi tulikwenda Maliba kumwona yule bibi, Shadiah, Siraj na mimi. Nyumba yake iko chini ya njia ile ile ambayo majani yaliinama. Tulimkuta nje juu ya mkeka, ametulia. Alitukaribisha. Ilibidi tumpite Shadiah, aliyekuwa mbele, kwa sababu alikuwa amesimama ghafla na hakusogea.

Kizingitini kulikuwa na nywele. Rundo zima, za kichwa na ndevu, ndefu, zilizosokotana, zimejaa matope makavu, zimenyolewa safi kwa wembe.

"Kwetu mutu akitoka gerezani hunyolewa mlangoni," Bibi Yunia akasema. "Ndipo anaingia kwa watu wake."

Siraj akauliza, kwa mnong'ono, nani amemnyoa.

Bibi Yunia aliinua mikono yake atuonyeshe. Ilitetemeka kwa uzee, vidole vimepinda kama mizizi. Hata kikombe cha chai alinyweshwa na jirani. Aliitazama mwenyewe, kana kwamba naye alikuwa anajiuliza.

Kisha akatuomba tuongee kwa sauti ya chini. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, pazia limeshuka, na ndani ya ile nyumba anayoishi peke yake mtu alikuwa amelala, anakoroma.